Waya wa Pili

"Usipofungua naung'oa!" Sauti ilikuwa ya shemeji yake fundi, kaka mkubwa wa mumewe, na mlango ulishaanza kumtii.

Fundi hakugeuka. Kompyuta kuukuu ya mshonaji, jirani yake, ilikuwa wazi mezani, kifuniko chake cha bati kimeegemea ukuta, flashi yenye programu ya kuigeuza rauta, kifaa cha kugawa mtandao, imechomekwa mbele. Kioo kiliuliza swali moja: kila kilichomo kwenye diski kitafutwa, uendelee? Akabonyeza ndiyo. Mstari wa njano ukaanza kutambaa kama jongoo.

Kwa miaka sita jengo zima lilipata mtandao kwa shemeji peke yake, na aliyembishia alikatiwa. Mwezi huu wapangaji walivuta laini yao wenyewe. Shemeji akapanda darini na nyundo, akaiponda rauta yao, kisha akampiga mlinzi wa jengo mpaka akalazwa hospitali. "Hata kompyuta ya kawaida itafanya kazi hiyo," fundi aliwaambia majirani. "Nipeni tu yenye kadi mbili za kuchomeka waya wa mtandao, mmoja wa kuingiza, mmoja wa kutoa." Maneno yalimfikia shemeji kabla chai haijapoa.

Mstari ulifika nusu. Bawaba zikang'oka.

"Chomoa hicho kidude."

"Shemeji, toka chumbani kwangu."

Nondo mkononi mwa shemeji ikashuka. Fundi aliinua mkono wa kulia kuikinga kompyuta, si kichwa chake, akasikia mfupa ukilia kama ukuni mkavu. Mumewe alisimama nyuma ya kaka yake, pale mlangoni, mikono imemning'inia. Tangu utotoni, kaka akikohoa, yeye huugua.

"Mwambie mkeo!" shemeji alifoka.

Mume akainamisha uso.

Nondo ikapaa tena. Fundi akakwapua kifuniko cha bati kwa mkono wa kushoto, akakirusha bila kulenga. Ukingo wake ukamchana shemeji kutoka juu ya jicho hadi sikioni. Akapepesuka, damu ikimpofusha, akamdaka fundi nywele, wakaanguka pamoja na kiti. Akamkaba koo. Fundi akamng'ata kidole gumba mpaka meno yakagota mfupa, akamsukuma kwa goti, na kichwa cha yule bwana kikagonga mguu wa meza. Akalala pale akikoroma.

Feni ya kompyuta ilivuma peke yake.

Fundi akajikokota hadi mezani. Kazi ilikuwa imekwisha: toa flashi, washa upya. Akaitoa, ikimteleza kwa damu, akawasha. Waya wa darini, ule wa laini ya wapangaji, akauchomeka kwenye kadi ya kwanza. Wa pili, wa kwenda vyumbani, ulikuwa umelaliwa na bega la shemeji, na mkono mmoja haukutosha kuuvuta.

Mumewe akaingia. Akapiga magoti, akasikiliza pumzi za kaka yake, akamgeuza ubavu taratibu. Kisha akauchomoa ule waya, akaufuta kwa shati lake.

"Huu unaingia wapi?"

Fundi akamwonyesha kwa kidevu tundu la kadi ya pili.

Mume akainama nyuma ya kompyuta, akapapasa, akakosa, akapapasa tena, mpaka waya ulipolia ka!