Shamba kwa Jina la Fumiye

Bwana Tuttle alimkuta Tokuji Nagahori amepiga magoti kwenye tope la Novemba, akipogoa miche ya stroberi, na hakumwambia ainuke. Alisimama juu ya tuta ili viatu vyake visilowe. Misao, mke wa Tokuji, alikuwa mistari mitatu nyuma yao, na kila neno lilimfikia.

Kura za sheria mpya ya ardhi zilikuwa zimehesabiwa, na ilikuwa imepita. Kununua shamba California watu kama wao walikuwa wameshakatazwa miaka saba nyuma. Sasa hata kukodi kungekuwa kosa. Sheria yenyewe haikutaja Wajapani. Ilisema tu wageni wasioruhusiwa kuwa raia, na bondeni pale hakuna aliyehitaji kuuliza ni akina nani.

"Mimi sikuipigia kura, Charlie," alisema Bwana Tuttle, ambaye kwa miaka kumi na moja hakuwahi kujifunza jina jingine la kumwita. "Lakini mkataba wako unaisha mwezi wa pili, na ukiisha, umeisha. Siwezi kwenda jela kwa ajili yako."

Tokuji alisema anaelewa.

"Na usiyaache magugu yakaota, eh? Anayekuja nataka akute shamba safi."

"Ndiyo, bwana."

Bwana Tuttle alipokwisha kuondoka, Tokuji aliendelea na mche uliokuwa mbele yake. Misao naye aliendelea. Walimaliza mstari, wakaanza mwingine, kwa kuwa hawakujua jambo jingine la kufanya kwa mikono yao. Mimea ile isingezaa kabla ya Aprili.

Jumapili zote za mwezi ule Tokuji aliondoa bakuli mezani, akatandaza magazeti na barua alizoandikiwa na watu wa kwao waliotawanyika huko na huko. Alikuwa na majimbo manne. Idaho ardhi yake nzuri, lakini maji ya mfereji yana malipo yake. Nebraska kodi ni ndogo, ila mvua ya mawe hukata mazao kama panga. Oregon karibu, ila majirani wabaya. Texas bei ni ya chini kuliko kote, kodi haisumbui, na hapakuwa na sheria hata moja iliyomkataza mtu wa rangi yao kununua. Misao alikaa akishona soksi na kumwacha aseme. Alijua mumewe akianza kupima jambo hupima mpaka uzito wa kamba.

"Hayo mabunge yao yanakutana lini?" aliuliza hatimaye.

Tokuji alipekua gazeti. Alitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Januari," alisema.

"Lipi?"

"Yote, Mama Fumiye. Yote manne."

"Basi tununue baharini."

"Hata bahari wangeipigia uzio."

Walicheka kidogo, kisha wakaacha wote pamoja. Misao alikumbuka meli aliyokuja nayo kuolewa na mwanamume aliyemjua kwa picha. Unaweza kulipima jimbo kwa kodi yake na maji yake, aliwaza, lakini utaupimaje moyo wa watu milioni ambao hawajaamua bado watakufanya nini?

Tokuji alichagua Texas. Alitaka kuwahi, anunue kabla bunge halijafika kwenye jambo lao. Sheria, alisema, haiwezi kumnyang'anya mtu alichokwisha kununua. Alipanda treni wiki ya pili ya Januari, na koti lake la harusi mwilini. Alirudi baada ya siku tisa.

Alichosimulia kilikuwa kifupi. Treni ilifika kituo cha mwisho, kusini kabisa, na watu kama ishirini walikuwa wakimsubiri, wamevaa suti za kanisani. Hawakumgusa. Mzee mmoja alimsomea karatasi, kwa upole, kwamba mji umekutana na kuamua hauwataki, na treni ya kurudi inaondoka kesho asubuhi. Tokuji akawaonyesha barua ya mwenye shamba. Mzee aliisoma yote, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Ndugu, hatuna ugomvi na wewe," akamwambia. "Ndiyo maana tumekuja mchana."

Hayo ndiyo aliyosema Tokuji. Mengine Misao aliyaona mwenyewe: tangu siku hiyo mumewe hakukaa tena akiupa mlango mgongo. Aprili gazeti liliandika kwamba Texas nayo imepitisha sheria. Nebraska pia. Idaho na Oregon hazikuwa zimeamua, na Tokuji alipoulizwa na wenzake kama atajaribu huko, alitikisa kichwa tu.

Lakini kabla ya Aprili mkataba wa Bwana Tuttle ulikuwa umekwisha, na watu watano walihitaji pa kulala. Ndipo wakaenda kwa Bwana Dunleavy, wakili wa mjini, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Aliwauliza kama wana mtoto aliyezaliwa hapahapa Marekani. Walikuwa nao watatu. Mkubwa alikuwa Fumiye, wa miaka tisa.

"Basi mmiliki mnaye," alisema Bwana Dunleavy. "Huyo ni raia kama mimi. Akinunua shamba, hakuna wa kumkataza."

Aliwaeleza taratibu, kwa kuwa alikuwa analipwa. Hati ingekuwa kwa jina la Fumiye. Yeye Dunleavy angekuwa msimamizi wake, kwa fungu la mavuno. Tokuji angeweza kulima shamba hilo kama kibarua, kwa ujira. Sheria haimkatazi Mjapani kutoka jasho. Ila serikali ikigundua kwamba mtoto ni pazia tu, na mwenye shamba hasa ni baba, italichukua shamba lote bila kulipa chochote, na baba atafungwa. Wakili naye, aliongeza akicheka, hangependa kufungwa.

Misao aliuliza kama kuna jimbo ambako mambo haya hayapo.

"Mama," alisema Bwana Dunleavy, "mwaka huu lipo. Mwaka ujao sijui."

Wakanunua. Ekari ishirini kando ya mto, nyumba ya mbao inayovuja. Fumiye aliandika jina lake kwenye hati kwa wino, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, akaulizwa kama amefurahi kuwa na shamba. Alisema ndiyo, akauliza kama anaweza kufuga bata.

Misao hakujua kwamba mtu anaweza kuogopa miezi sita mfululizo. Gari likipunguza mwendo barabarani, alikuwa anaacha jembe na kuhesabu waliomo. Mzungu akisimama uzioni, Tokuji hakuthubutu kumwelekeza hata kibarua mwenzake pa kumwaga mbolea. Alimwita Fumiye kutoka kwenye madaftari yake chini ya mti, na Fumiye akaja akanyoosha kidole alikoambiwa anyooshe. Jirani mmoja alilipenda jambo hilo sana. Alikuwa akipita tu anapiga kelele, "Bibi mkubwa, huyo kibarua wako mvivu, mfukuze!" na Tokuji hucheka na kuinua kofia.

Bwana Dunleavy aliwaonya kwamba siku moja wataitwa na serikali, na atakayeulizwa ni mtoto. Kwa hiyo Misao alimfundisha kila asubuhi wakati akimsuka.

"Anayelima shamba lako ni nani?"

"Baba."

"Hapana. Nyumbani ni baba. Shambani ni nani?"

"Kibarua."

"Wa nani?"

"Wangu."

"Anayeamua kupanda nini ni nani?"

"Mimi, na Bwana Dunleavy."

Alikuwa mtoto mwepesi kushika, lakini siku nyingine alijisahau. Asubuhi moja alijisahau mara tatu, na Misao akampiga kwa kitana juu ya vidole, kwa nguvu zaidi kuliko alivyokusudia. Fumiye hakulia. Kuanzia siku ile, ili asikosee tena, aliacha kabisa kusema Baba, hata mezani. Akitaka chumvi alisema tu, "Naomba chumvi," akimtazama. Tokuji alimpa.

Barua ilikuja Septemba. Waliitwa ghorofa ya juu ya jengo la wilaya, chumba chenye meza ndefu na madirisha yaliyofungwa. Mtu wa serikali aliitwa Ketcham. Alikuwa kijana, mwenye miwani, na alimpa Fumiye peremende kabla ya kukaa. Karani wa kike alikuwa tayari na mashine yake ya taipu. Bwana Dunleavy alikaa kando, akisafisha kucha. Tokuji aliwekwa kwenye benchi karibu na mlango, na Misao nyuma ya kiti cha Fumiye, karibu kiasi cha kuona kisogo chake na njia ya nywele aliyoipasua mwenyewe alfajiri.

Bwana Ketcham aliuliza jina, umri, shule. Aliuliza kuhusu bata. Misao alianza kupumua.

"Yule mwanamume pale mlangoni. Shambani kwako, yule ni nani?"

"Ni kibarua wangu," alisema Fumiye.

Mashine ilipiga.

"Anafanya unachomwambia?"

"Ndiyo, bwana."

"Na ukimwambia aondoke?"

Hilo hakufundishwa. Misao aliona mabega madogo yakipanda. Alitaka kukohoa, akaogopa kwamba hata kikohozi kingepigwa taipu.

"Ataondoka," alisema Fumiye.

"Vizuri. Mwambie."

Bwana Dunleavy aliacha kucha zake.

"Mwambie sasa hivi," alisema Bwana Ketcham, bila ukali. "Kwa Kiingereza, ili nisikie."

Fumiye aliteremka kwenye kiti. Peremende ilikuwa bado shavuni mwake. Alimtazama baba yake, na kwa muda Misao alidhani atasema lile neno ambalo alilizuia tangu masika, na shamba litaondoka nalo, na mumewe pia.

"Tokuji," alisema mtoto. "Ondoka."

Tokuji alisimama. Aliitoa kofia yake chini ya benchi, akamwinamia binti yake kama alivyokuwa akimwinamia Bwana Tuttle, akatoka. Walisikia miguu yake ikishuka ngazi, moja moja, mpaka chini. Hakuna aliyetumwa kumrudisha.

"Ahsante, binti. Kaa."

Bwana Ketcham alifunua ukurasa, akaandika kitu, akakipigia mstari. Kama kilikuwa kizuri au kibaya, uso wake haukusema. Kisha akainua kalamu, akaielekeza juu ya kichwa cha mtoto.

"Na mama huyu aliyekaa nyuma yako. Shambani kwako, huyu naye ni nani?"

Mashine ilinyamaza, ikingoja. Hawakuwa wamelipanga jibu la swali hilo; katika asubuhi zote zile Misao hakujikumbuka mwenyewe. Alitafuta ishara ya kumpa mtoto kwa uso wake, hakuipata. Fumiye alikuwa ameshageuka kwenye kiti, anamtazama, na mdomo wake unafunguka.