Kundi la Mwisho Zizini

Baba yangu, Opitero, aliipigania Roma katika Hispania, Makedonia na Afrika. Alirudi na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, na mpaka uzee wake alikuwa hajawahi kumpigia kura konsuli, mmoja wa watawala wawili wanaochaguliwa kila mwaka. Hakuna aliyemkataza. Sheria ilimruhusu, na sheria za Roma ni nzuri sana: zimechongwa kwenye shaba na watu wenye nafasi ya kutosha ya kuzifikiria.

Tulipiga kura kwa makundi, si kwa vichwa. Makundi yalikuwa mia moja tisini na matatu. Matajiri, ambao ni wachache, walipewa makundi mengi. Sisi tusio na shamba wala nyumba, ambao ni wengi kama nzi wa machinjioni, tulipewa kundi moja, nalo liliitwa la mwisho kabisa. Matajiri walianza asubuhi. Mgombea alipofikisha zaidi ya nusu ya makundi, mpiga mbiu alitangaza jina lake na watu wakaenda kula. Kabla jua halijafika utosini, sisi tulikuwa tumekwisha kuambiwa kwamba tumechagua.

Uwanja tuliokusanyikia uligawanywa kwa kamba na mbao, kila kundi katika boma lake, na wazee wetu waliuita Zizi. Hakuna aliyeona aibu kwa jina hilo. Kondoo hawana desturi ya kuona aibu.

Kila mwaka, siku ya kuchagua makonsuli ilipofika, Baba alivaa joho lake safi na kwenda kusimama katika boma la nyuma. Mimi nafundisha watoto wa wakubwa ufundi wa kusema hadharani, kwa hiyo nilimweleza kwa hoja zilizopangwa vizuri kwamba anapoteza siku. Alinijibu kwamba askari haachi lindo kwa sababu tu adui hajatokea. Nikawa naenda naye.

Mwaka ninaousimulia, konsuli wa kwanza alipatikana mapema. Kiti cha pili kiligombewa na watu wawili.

Mmoja alikuwa Manio Aterio, mwenye majumba ya kupangisha. Majumba yake yalikuwa marefu, na kuta zake zilikuwa nyembamba kama ahadi zake. Wakati wa mvua za majira ya baridi mawili yaliporomoka juu ya wapangaji waliokuwa wamelala. Manio alikuja kutazama kifusi akiwa na mjenzi wake, akauliza ni vyumba vingapi vinaweza kujengwa hapo safari ijayo. Karibu nusu ya mtaa wetu iliishi chini ya dari zake.

Wa pili alikuwa Numerio Kalventio. Huyu alikuwa na sifa moja, nayo ni kuzaliwa. Ukumbini kwake zilipangwa nyuso za nta za mababu zake, zimekuwa nyeusi kwa moshi, na Numerio alipita mbele ya nyuso hizo kila siku kama mtu anayekagua mali yake. Baba yake alikuwa jemadari wa kweli. Mwana alirithi nyumba, nyuso na pua. Vita alivihudhuria kwa miezi michache, juu ya farasi, karibu na hema la chakula.

Siku hiyo matajiri waligombana wao kwa wao. Makundi ya mbele yaligawanyika, ya katikati yakagawanyika vilevile, na jua likapita utosini bila mtu kutangazwa. Tulikuwa tumekaa chini tukila dengu na vitunguu, kwa desturi yetu ya kupuuzwa, wakati mpiga mbiu aliposimama na kusema kwamba Manio ana makundi tisini na sita na Numerio ana tisini na sita. Kisha akaliita kundi la mwisho.

Spurio, jirani yetu muuza soseji, alisimama akiwa na dengu mdomoni.

"Jamani, ni sisi," alisema. "Hivi kura hupigwaje?"

Hakuna aliyejua. Raia wa dola lililotawala bahari pande zote walianza kuulizana kama watoto wanaoingia hekaluni kwa mara ya kwanza. Mzee mmoja alidhani ni lazima kuvua viatu. Ilibidi nieleze mimi: utapewa kibao chenye nta, utaandika herufi za mwanzo za majina ya mtu wako, utapanda daraja jembamba la mbao ukiwa peke yako, na mwisho wa daraja utatumbukiza kibao ndani ya kapu.

Baba alikuwa akinyoosha mikunjo ya joho lake. Nilimuuliza atamwandika nani, akanitazama kana kwamba nimeuliza jua huchomozea wapi.

"Numerio," alisema. "Kule Hispania baba yake alikunywa maji yaleyale tuliyokunywa sisi, na yalikuwa yakinuka. Alikuwa na divai hemani. Aliimwaga mbele yetu."

"Lakini huyu siye aliyeimwaga, Baba."

"Mwanangu, mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa nini mtoto wa simba awe paka?"

Nilisikiliza watu walionizunguka, na sauti zilikuwa zinaelekea upande mmoja. Wengine walimtaka Numerio kwa sababu ya jemadari. Walio wengi walimtaka kwa sababu hakuwa Manio. Kura ya kundi letu, na pamoja nayo kiti cha ukonsuli, vilikuwa tayari mikononi mwa Numerio. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya mpaka jioni, kazi ambayo mtu wa akili zake angeiweza.

Lakini wagombea wote wawili waliteremka haraka kuja kwetu, kwa kuwa ghafla tulikuwa tumegeuka watu.

Manio alitangulia. Wapangaji wake walimpisha na kumwamkia kwa adabu. "Shikamoo, bwana." "Miungu ikuzidishie, bwana." Kila mmoja alikuwa anaikumbuka dari iliyo juu ya watoto wake. Manio aliitikia kwa kichwa na kupita.

Kisha akaja Numerio, joho lake limepakwa chokaa mpaka linang'aa, kama wafanyavyo wagombea. Nyuma ya bega lake alitembea Filo, mtumwa ambaye kazi yake ilikuwa kumnong'oneza majina ya watu. Filo alinong'ona, Numerio akashika mkono na kutamka: "Spurio, rafiki yangu. Mama hajambo?" Mama yake Spurio alikuwa amekufa zamani.

Hapo ndipo kundi lilipoanza.

Yeyote aliyetembea kwa miguu katika jeshi la Roma anaijua desturi hii. Jemadari mshindi anapoingia mjini kwa gari la farasi wanne, askari wake hufuata nyuma wakiimba matusi. Huimba juu ya upara wake, tumbo lake na wanawake wake. Wanayempenda sana humwimbia mabaya zaidi, ili miungu isimwonee wivu na yeye asijione mungu. Wanayemchukia humfuata kimya, kwa heshima zote.

"Numerio," aliita Spurio, "chokaa yote hiyo umejipaka wewe. Kuta za nyumbani umeziachia nini?"

"Mwacheni," alisema mwingine. "Hata kitandani lazima anong'onezwe aliyelala naye ni nani."

Watu walicheka hadi kushikana mabega. Baba alijisogeza mbele kwa mguu wake mbovu. Macho yake yalikuwa na machozi. Kwa miaka mingi alikuwa amemwekea mtu huyu neno zuri kuliko yote aliyokuwa nayo.

"Bwana," alisema, "pua ya baba yako ilikuwa ikifika vitani kabla yake mwenyewe. Hiyo yako imewahi kufika wapi?"

Kundi zima lilipiga kelele ya furaha. Numerio alitabasamu kama mtu aliyemeza mfupa. Hakumpa Baba mkono. Aligeuka, akapanda moja kwa moja hadi jukwaani, akamwinamia Hosidio, kaka wa mke wake, aliyekuwa mwaguzi wa ishara za mbinguni. Mtoto wa Hosidio alikuwa mwanafunzi wangu na alisimama palepale, kwa hiyo nayajua maneno yaliyosemwa.

"Wananichukia," Numerio alisema. "Manio wamemwamkia kama baba yao, mimi wamenitukana mpaka pua. Vunja mkutano."

Sisi hatukuyasikia. Kura zilikuwa zimeanza. Baba alipewa kibao. Alikataa nimwandikie, akachora herufi zile mwenyewe, polepole, ulimi ukiwa umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Kisha akapanda darajani. Mbele yake walikuwepo watu wachache tu. Alisimama wima jinsi ambavyo sikuwahi kumwona akisimama, na kwa muda ule miguu yake ilionekana kuwa sawa.

Hosidio aliinua uso. Mbingu ilikuwa tupu na kavu kama sufuria iliyosuguliwa. Aliitazama kwa uchungu wa mtu aliyesoma sana, kisha akayatamka maneno mawili ambayo sheria inamruhusu kuyatamka na ambayo hakuna raia, wala konsuli, anayeruhusiwa kuyapinga.

"Siku nyingine."

Mpiga mbiu alirudia. Ilielezwa kwamba mungu Jupita amepiga radi, na radi ya Jupita ikipigwa ni haramu kushughulika na wananchi. Kura zote za kiti cha pili zilibatilika. Watumishi walianza kukunja kamba.

Baba alikuwa amefika kwenye kapu. Angenyoosha mkono angelifikia. Mlinzi wa kapu, kijana wa ukoo mkubwa, aliufunika mdomo wa kapu kwa kiganja.

"Shuka, babu. Hakuna kura leo."

"Radi imepiga wapi?" aliuliza Baba.

"Imepiga kwa mwenye kazi ya kuisikia."

Baba alishuka. Alipotakiwa kurudisha kibao alijifanya kiziwi, jambo ambalo kwa umri wake liliaminika. Tulirudi nyumbani. Spurio, aliyetembea nasi, alisema kwamba amewahi kuuza soseji zisizo na nyama, lakini hajawahi kuuza radi isiyo na wingu. Baba hakucheka.

Uchaguzi wa kiti cha pili ulirudiwa siku chache baadaye. Katika siku hizo matajiri waligundua hatari waliyoiepuka: ukonsuli wa Roma ulikuwa karibu kuamuliwa na wauza soseji. Hofu hiyo iliwapatanisha haraka kuliko hekima ingeweza. Walikula pamoja, wakakubaliana, wakamchagua Manio, maana mwenye nyumba, walisema, huwajua wapangaji. Siku ya kura makundi ya mbele yalimpa ushindi kabla umande haujakauka vizuri. Kundi la mwisho halikuitwa.

Baba alikuwepo. Nilimsihi abaki nyumbani, akavaa joho lake na kuondoka, na kibao kile kilikuwa kifuani mwake.

Watu walipokuwa wanatawanyika, Numerio alipita karibu nasi, mimi, Baba na Spurio, akiwa na Filo wake. Alikuwa ameshindwa, lakini mkono wake ulikuwa bado haujapata habari. Uliendelea kushika kila mkono uliokutana nao. Baba alimsimamia njiani. Filo alinong'ona.

"Opitero, rafiki yangu," alisema Numerio.

Baba alitoa kibao na kumpa. "Hiki ni chako, bwana. Siku ile nilikuwa nacho darajani, nakuletea."

Numerio alikitazama. Herufi zilikuwa mbili, za jina lake, kubwa na zimepinda. Alizisoma kwa muda mrefu kuliko zilivyostahili.

"Mbona ulinitukana?"

"Nilikutania, bwana. Baba yako angejua."

"Na wale wengine?"

Aliyejibu ni Spurio, na kwa mara ya kwanza alizungumza naye kwa upole, kama mtu anavyozungumza na mgonjwa.

"Wote tulikuwa wako, bwana. Manio ameua watu mtaani kwetu. Nani angempa Manio? Ungeuliza tu."

Numerio aligeuza kibao, labda akitumaini kwamba upande wa nyuma umeandikwa jambo jingine. Alifungua mdomo, akamtazama Filo kama aliyezoea kupewa maneno. Filo hakuwa na la kumnong'oneza. Alinunuliwa kwa kazi ya majina tu. Basi Numerio akamkabidhi kibao, akakusanya joho lake na kwenda zake. Mtumwa, ambaye alikuwa amefunzwa vizuri, alipitisha kidole gumba juu ya nta mpaka herufi zikatoweka, kwa sababu kibao kilikuwa bado kizima na nyumba kubwa hazitupi vitu.

Baba aliyaona hayo yote. Tulitembea mpaka karibu na nyumbani, chini ya majumba ya konsuli mpya. Hapo alisema kwamba siku ile alikuwa amekosea. Macho yake ni ya kizee na jua lilikuwa kali. Sasa ameitazama kwa karibu, na pua ile haifanani hata kidogo na ya jemadari.