Wimbo Wetu Bila Dada

Dada yangu aliimba, mimi nilipiga gitaa. Kwa miaka thelathini watu walinisimamisha barabarani kuniuliza kama dada hajambo. Hali yangu hakuna aliyeiuliza.

Kilichoniuma roho zaidi ni lile yowe lake. Katika wimbo wetu mkubwa wa roki, kabla tu ya kiitikio, pale gitaa langu linapoingia, yeye alipiga yowe refu likalifunika lote. Mashabiki walikuwa wakizimia. Mimi niliamini ananifunika makusudi, nikameza.

Mwaka jana alipata saratani ya koo. Madaktari walimwokoa, ila sauti ikaenda moja kwa moja. Sasa anaongea kwa daftari, kalivaa shingoni kwa kamba kama kengele ya mbuzi.

Ndipo watengenezaji wa tamthilia walipoutaka ule wimbo. Haki zake ziko kwa jina langu, kwa hiyo msimamizi wao wa muziki alinipigia mimi.

"Utafungua kila kipindi, vyote arobaini," alisema. "Tuweke na sauti au ala tupu? Kwetu sawa tu."

"Ala tupu."

"Nikutumie usikilize kwanza?"

"Wimbo wangu mwenyewe niusikilize wa nini?"

Dada nilimwambia wimbo umechukuliwa, basi. Aliandika, "Nitasikika tena!" akapigia mstari mara mbili. Sikumkosoa. Nilitaka aje na furaha hiyo mpaka mbele ya runinga.

Jumapili mchana, siku ya kipindi cha kwanza, alifika kwangu amevaa koti lake la ngozi la jukwaani, macho kayatia wanja. Mke wangu alimpa kiti cha mbele.

"Wifi, leo tunakusikia!"

Binti yangu mdogo akakaa miguuni pake. Ngoma zikaanza. Dada akavuta pumzi kama zamani, akafungua mdomo pale pale anapoingiaga. Hakuingia mtu.

"Shangazi, mbona huimbi?" binti yangu akauliza.

"Subiri," nikamjibu mimi. "Anakuja."

Nilifurahi, sifichi. Ubeti mzima ulipita akichezesha midomo, wanja ukimchuruzika mashavuni, na mimi nikimwangalia tu.

Kisha ikafika ile sehemu ya yowe. Kwa mara ya kwanza gitaa langu likasikika wazi, na likajikwaa. Vidole vilichelewa kuingia, vikagusa waya usio sahihi, vikapapasa sekunde nne nzima kabla ya kupata njia.

Mke wangu alicheka kabla hajajizuia. "Huyu anayepiga ni nani jamani?"

Dada aliacha kutazama runinga, akanitazama mimi. Akaandika polepole, akanigeuzia daftari.

"Ulikosea hapo hapo kila siku. Unadhani nilikuwa napiga yowe la nini?"

Vipindi vilikuwa vimebaki thelathini na tisa.