Nyumba Zetu Mbili

"Zinavyofanana," nilisoma kwa sauti ya juu, daftari nimelishika kwa mikono miwili. "Nyumba yetu ya Bagamoyo na nyumba yetu ya Vigwaza zote zimeezekwa bati. Zote zina kikoi cha baba kwenye kamba. Zote zina mama anayepika wali wa nazi."

Ilikuwa siku ya wazazi, nami nilikuwa darasa la nne. Mama alikuwa ameketi dawati la mbele, amejitanda kanga mpya, uso umejaa fahari. Ameshatangulia mbele ya haki sasa, na uso ule ndio ninaoukumbuka zaidi.

Natamani mngemjua Mwalimu Nadhira. Leo mimi mwenyewe ni mwalimu, na bado sijaona anayefundisha vile. Alisema hadithi ya kubuni yaweza kuzurura itakavyo, lakini habari za kweli sharti zipangwe, msomaji asipotee. Nyingine hufuata hatua, mwanzo hadi mwisho. Nyingine hueleza sababu, kisha matokeo. Nyingine hulinganisha vitu viwili, na hapo alichora ubaoni maduara mawili yaliyoingiliana: yanayofanana yakae katikati, tofauti zikae pembeni. Nikayapenda maduara yale.

"Andikeni mnachokijua," alisema, "na kila neno liwe kweli."

Nilichokijua ni nyumba. Baba alikuwa akinunua samaki wakavu Bagamoyo na kwenda kuwauza Vigwaza, na likizo ile alinichukua. Huko alinikabidhi kwa Shufaa, mwanamke kijana, mcheshi, akasema nimwite mama mdogo. Mama wadogo nilikuwa nao tele. Mmoja zaidi hakunishangaza. Wala baba hakuniambia nifunge mdomo. Watu wazima bwana, hudhani mtoto anayecheza haoni kitu. Mwalimu naye alikuwa amesahihisha kazi za wenzangu wote, ila yangu niliimalizia asubuhi ileile, kwa kiherehere cha kupaka maduara rangi.

"Zinavyotofautiana," nikaendelea. "Nyumba ya Vigwaza ina mtoto mchanga. Ya Bagamoyo haina."

Mtu aliguna nyuma. Mwalimu Nadhira akanyoosha mkono alichukue daftari. Hapo nikajua nimemwaga mtama kwenye kuku wengi, ingawa mtama wenyewe sikuujua.

"Mwache amalize, mwalimu," mama akasema. Nikamaliza huku nalia.

Njiani hakunishika mkono. Tulipofika mlangoni ndipo akauliza, "Huyo mtoto anaitwa nani?"

"Issa."

"Ana afya?"

Nikajaza mashavu upepo kumwonyesha. Akaingia ndani.

Baba alikuwa bado yuko Vigwaza kwenye biashara. Siku ya tatu dada zake mama walikuja wakamshikilia adai talaka, na mimi nilikuwa uani nasikia kila kitu. Nyumba ikivunjika, nimeivunja mimi. Nikaenda kumwambia kwamba niliandika uongo, nikataka kuchana ukurasa ule mbele yake.

"Usiharibu kazi yako," alisema, akaninyang'anya daftari. "Hukusema uongo, Mardhiya. Aliyekosea si wewe."

Jumamosi akanunua doti ya kanga, poda na sabuni ya mtoto, akaniambia nimwongoze. Njia nzima sikujua anakwenda kupatana au kumaliza, na sikuthubutu kuuliza.

Vigwaza, baba alituona kwa mbali. Alisimama pale na mzani mkononi, hakusogea wala hakurudi nyuma. Shufaa akatoka ndani, mtoto mgongoni. Hakuhitaji kuambiwa mgeni ni nani. Akapiga goti.

"Shikamoo, dada."

Mama akamtazama mtoto mgongoni. Niliogopa kuliko siku ile darasani. Angegeuka bila kuitikia, tungerudi Bagamoyo wawili, na baba ningekuwa nimempoteza kwa mwandiko wangu mwenyewe. Shufaa hakuinuka.

"Marahaba," mama akasema mwishowe. Kisha akatua mfuko chini, akanyoosha mikono. "Hebu nipokeze huyo mtoto, utakuwa umechoka."