Tusi la Badria

Bi Fadhiya wa Kuze aliwaepuka watu wa matusi kama ukoma. Basi mumewe, Mzee Faraj, alipomwambia kwamba Badria, binti ambaye mwana wao Haroun ataka kumposa, alimtukana mwanamume hadharani huko Makadara, alisukuma sahani kando.

"Kamwita mbwa koko," alisema Faraj. "Mdomo ule hauingii nyumba hii."

Haroun alicheka. "Baba, tusi ni neno tu. Na nisipomuoa Badria, sioi."

Ewe Mola! Mtoto mwenyewe ndiye huyo mmoja tu, na ameshakula yamini. Lakini kuna jambo jingine lililomkereketa Bi Fadhiya. Kila alipomuuliza mumewe habari ile kaipata kwa nani, jibu lilibadilika. Jana ni muuza samaki, leo ni mtu wa msikitini. Kwani kuna nini?

Asubuhi akavaa buibui, akaenda kupeleleza mwenyewe, kama wafanyavyo kina mama kabla ya posa. Mkabala na duka la vitambaa anamouza Badria, Mung'aro ana meza ya madafu. Bi Fadhiya akaagiza dafu, wala kiu hana.

"Yule binti wa vitambaa, nasikia ana matusi."

"Badria?" Mung'aro akaweka panga chini. "Mama, katukana siku moja tu, na sote tulimpongeza. Kuna mzee mmoja, kanzu nyeupe pepepe, huja hapa kuwashika viuno wasichana wa shule, ajifanya awavusha barabara. Badria alipomtukana alitimua mbio, hata bakora akaiacha. Ile pale, hajaijia."

Bi Fadhiya akaitazama bakora. Kipini cha fedha. Yeye mwenyewe ndiye aliyemnunulia Faraj, na wiki nzima Faraj alidai imeibwa msikitini. Aibu ilimpanda, kisha hasira ikaifuata. Akaiomba ile bakora, akaondoka bila kugusa dafu.

Faraj alikuwa sebuleni. "Haya, umeusikia mdomo wake?"

"Nimeusikia." Akamwekea bakora mapajani.

Faraj akaifunika kwa kanzu.

"Posa yaenda Ijumaa, na weye humo. Haroun nitamweleza mimi."

"Fadhiya, majirani watasikia..."

Hapo Bi Fadhiya akamtukana, tusi zito kuliko lile la Badria. Kisha akalirudia kwa sauti, dirisha likiwa wazi.