Reli ya Pili

"Umeshamuuliza Mungu?"

Mama Kaumba alikuwa amekaa mlangoni, beseni la majani ya muhogo mapajani. Mwanawe Zébédée alikuwa anafunga kamba za buti za kazi.

"Bado, mama."

"Siku ziko naenda. Minyi niko naogopa kurudia, niko naogopa tena kubakia. Kichwa yangu haiko moja. Weye njo unajua kuomba, uniombee alama. Chenye Mungu atasema, njo nitafanya."

"Eyo, mama."

Mama Kaumba alikuwa amekimbia Malemba-Nkulu watu wa silaha walipoingia kijijini, akafika Kamina na mkeka na kuku mmoja. Wajukuu walimla yule kuku jioni ileile. Tangu hapo bibi alilala nao chumba cha mbele, katika nyumba ya vyumba viwili ya kambi ya reli. Alikohoa, aliimba, alimwambia Mathilde, mke wa Zébédée, kwamba bukari anayosonga ni laini kama uji wa mgonjwa. Mathilde alicheka tu. Aliyechoka ni Zébédée. Alichoka na mtu anayempenda, na uchovu wa namna hiyo hauna pa kusemewa. Tena abiria waliotoka Bukama walikuwa wanasema kule Malemba kumetulia.

Katika kikundi chao cha maombi watu huomba alama. Mmoja ataomba mvua inyeshe kabla ya ibada, mwingine ataomba mgeni abishe hodi. Zébédée, mtu wa reli, akachagua alama ya reli.

Kazi yake ni kupindua reli pale njia zinapogawanyika. Huvuta mkono wa chuma, ndimi za reli zikasogea, na treni nzima, na mbuzi wake na magunia yake, ikafuata alikoielekeza. Asubuhi hiyo chef de gare, mkuu wa stesheni, alimpigia kelele toka dirishani: "Zébédée! Treni ya Bukama, reli ya pili!" Akavuta. Akafunga kufuli. Akapangusa grisi mikononi. Ndipo akavua kofia na kuinamisha kichwa.

"Baba, treni ikiingia reli ya pili, mama aende. Ikiingia ya tatu, abaki kwetu."

Aliomba kwa machozi, na machozi yalikuwa ya kweli. Ufunguo ulikuwa mfukoni.

Treni ikaingia reli ya pili.

"Mungu anasema uende," alimwambia mama alipofika nyumbani.

Mama Kaumba hakuuliza amesemaje. Alifumba macho. "Wafwako, Vidye," alishukuru kwa Kiluba, akaanza kukunja mkeka.

Treni iliyofuata ndiyo iliyomchukua. Toka Bukama angeshuka mto Lualaba kwa mtumbwi wa injini hadi kijijini. Dirishani alimshika mwanawe shavu.

"Sasa roho yangu iko moja. Unalia nini, tata? Si Mungu njo ananituma?"

Habari zilikuja na abiria. Kwanza, kwamba amefika salama. Baadaye, kwamba watu wa silaha wamerudi, kijiji kimeungua, watu wametawanyika kwenye matete ya mto. Wengine wameonekana. Mama Kaumba hakuna aliyemwona.

Mathilde alikuwa anasonga bukari alipomuuliza mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Papa Chancelvie, hukuniambia. Ile alama ilikuwa nini?"

Akamwambia. Mwiko ukasimama sufuriani.

"Na ile reli, nani alikuwa ameshaifunga?"

Zébédée akatazama mikono yake.

"Sasa Mungu angepitia wapi?"

Hakusema kwa hasira. Hasira ingekuwa afadhali.

Tangu siku hiyo, kila treni inayotoka Bukama, Zébédée yuko pale milangoni mwa mabehewa, anauliza. Katika maombi midomo yake inachezacheza tu ili watu wasimtazame.

Juzi alishuka mama mmoja mzee, miguu imevimba, sufuria kichwani.

"Mama, uko unatoka Malemba? Unamujua mama Kaumba?"

"Simujue, tata. Kule kila muntu alikimbia na njia yake." Akamtazama vizuri. "Weye uko muntu wa hapa. Mujukuu yangu iko mu jeshi, ku base ya hapa Kamina. Mudogo yangu iko Kabongo. Sijue niende kwa nani. Uko muntu wa maombi?"

"Nilikuwa."

"Nilikuwa! Kwani walikufukuza?" Akacheka, meno machache. "Kuja, tuulize Mungu."

Alimshika mkono hapohapo, katikati ya wachuuzi wa karanga, akafumba macho. Zébédée akafungua kinywa. Maneno yalikuja mbio, yote tayari, *ikiwa hivi, aende, ikiwa vile, abaki.* Akakifunga.

Treni ilipiga honi, ikajivuta, ikaenda zake. Wachuuzi wakajitwika mabeseni.

"Husemi kitu?"

"Niko namungojea, mama."

 Mzee alitua sufuria chini, akanyoosha miguu yake iliyovimba mmoja baada ya mwingine, kisha akaushika tena ule mkono.

"Aa. Basi tungojee."

Vumbi lilikuwa linashuka juu ya reli tupu, nao wamesimama, vichwa chini.