Aya ya Kumi na Nne

Sisi mawakili wa Gisenyi tuna aya moja tunayoijua kwa moyo. Ni aya ya kumi na nne ya hukumu ya rufani ya mwaka 2011, kesi ya Mukarugwiza dhidi ya Bizimana, nayo inasema kwamba mkataba wa kuuza ardhi ya familia usio na saini ya mke ni batili tangu siku ulipoandikwa, hata kama mke huyo aliishi jirani na mnunuzi miaka yote bila kulalamika. Ni sentensi nzuri. Mtu anaweza kuitamka bila karatasi huku akirekebisha joho lake.

Wote tuliipata mahali pamoja, katika kijitabu cha kurasa arobaini kilichokusanywa na Maître Bimenyimana, mkongwe wetu; Maître ndivyo wakili anavyoitwa kwetu. Kijitabu hicho hutolewa fotokopi katika sekretariati, duka la kuchapa na kunakili, lililo njiani kuelekea mahakamani. Kila ukurasa una dondoo moja, jina la kesi, tarehe na namba ya aya. Wakili ambaye hakujiandaa, yaani karibu kila wakili, hupita pale asubuhi na kununua ukurasa wake kama anavyonunua chapati, na saa tatu huusoma mbele ya jaji kwa sauti ya mtu aliyekesha na vitabu. Majaji nao hunakili. Hukumu ya pili ikaitaja ya kwanza, ya tatu ikazitaja mbili zilizotangulia, na hadi mwaka jana zilikuwa tisa, zote zimesimama juu ya aya ile kama kuku juu ya ufito mmoja.

Mwezi wa Machi aya hiyo ililetwa dhidi ya mteja wangu.

Mteja huyo ni Pascasie, ambaye wengi humwita Mama Denyse. Anauza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, na huvuka mpaka kwenda Goma siku tano kwa juma. Mwaka 2004 alinunua kiwanja Rugerero kwa mzee Hitimana. Mkataba uliandikwa kwa mkono, Hitimana akatia saini, mashahidi wanne wakatia zao. Mke wa Hitimana hakutia saini. Alichofanya ni kupika pombe ya mtama ambayo mashahidi hunywa ili mauzo yawe mauzo, na kuwamiminia mwenyewe. Pascasie akajenga nyumba ya vyumba vitatu na meza za waya za kuanikia sambaza. Ardhi ilipopimwa na kuandikishwa, yeye alikuwa Goma akimuuguza dada yake, na maofisa wakaandika jina la Hitimana. Hitimana akasema watabadilisha, halafu akafa. Mkewe akamfuata. Hatimaye mtoto wao Hirwa alikuja kutoka Kigali kudai kiwanja kirudi na nyumba ibomolewe. Wakili wake alikuwa Bimenyimana.

Katika kikao cha kwanza Bimenyimana alizungumza dakika saba, na tano kati ya hizo zilikuwa aya ya kumi na nne. Jaji Liliane alituahirishia kesi wiki mbili. Nilitoka nikijua tumeshindwa. Niliijua nguvu ya aya hiyo kwa sababu miaka mitatu kabla niliitumia mimi kumtoa fundi seremala mmoja, Kadiri, katika nyumba aliyoinunua Busasamana. Ilichukua dakika kumi.

Pascasie alinishika mkono nje, kwenye ngazi.

"Maître, ule Bizimana wanatajaka mule ndani, ni Bizimana gani?"

"Ni jina la kesi tu, Mama Denyse."

"Jina ya kesi ni jina ya mutu. Angalia vizuri."

Niliangalia fotokopi. "Bizimana Siméon. Wa Bugeshi."

"Siméon ya viazi!" Akapiga makofi mara moja. "Mi namujua. Ananiletea viazi, namupatia sambaza. Bon, niambie, alishindwa?"

"Alishindwa. Mkataba wake ulifutwa."

"Donc walimufukuza kwa shamba?"

"Bila shaka."

"We Maître, unasema bila shaka na haujafika. Siméon iko kwa ile shamba paka leo. Mwezi ilipita nilikunywa chai kwake. Amejenga na nyumba ya ngombe."

"Labda alilinunua tena."

"Kwa nani? Kwa ule mama alimushitaki? Hawasalimianaka, hata kwa misa." Alijitwika beseni lake. "Mulisoma miaka mingapi, nyinyi?"

Miaka minne, ukiacha chuo cha uwakili. Majaji tisa na mawakili wasiopungua ishirini walikuwa wameipima hukumu ile kwa mizani ya sheria, na hakuna aliyejiuliza jambo ambalo muuza sambaza aliliuliza kwa pumzi moja: yule anayesemwa kuwa ameshindwa anaishi wapi?

Kesho yake nilipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Bugeshi. Siméon nilimkuta akichagua mbegu za viazi, mzee mfupi aliyevaa makoti mawili. Nilipomwambia ninachotafuta aliziweka mbegu chini.

"Wewe ni avoka, wakili?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi nipe kitambulisho chako kwanza."

Nikampa. Akakitia katika koti la ndani, akaingia nyumbani, akatoka na sanduku la bati. Hukumu ilikuwa imefungwa katika mfuko wa mbegu, kurasa kumi na moja, na muhuri wa mahakama kwenye kila ukurasa.

"Nasikia huko Gisenyi mnanitaja sana," alisema.

"Tunakutaja, mzee."

"Miaka yote hiyo hakuna aliyepanda kuja kuniuliza kama nipo. Soma. Ukikunja ukurasa, kitambulisho kinabaki."

Nilisoma nimesimama. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua jinsi hukumu inavyojengwa. Kwanza mahakama huandika kila upande umesema nini, halafu, chini ya kichwa chake, huandika yenyewe inaona nini. Aya ya kumi na mbili hadi ya kumi na sita zilikuwa chini ya kichwa "Hoja za mrufani". Aya ya kumi na nne ilianza hivi: "Maître Bimenyimana, anayemtetea mrufani, anaeleza kwamba". Baada ya hapo ndipo sentensi yetu nzuri ilipofuata, neno kwa neno.

Mahakama ilianza kusema yake katika aya ya kumi na tisa. Ilisema mke aliyepika pombe ya mashahidi, akawamiminia kwa mkono wake, kisha akaishi jirani na mnunuzi miaka tisa bila kulalamika, hawezi kuja baadaye kudai kwamba ardhi iliuzwa bila yeye kukubali. Rufani ikatupwa.

Yaani Bimenyimana alishindwa mwaka 2011, akaikata sentensi yake mwenyewe pale inapoanza, akaliondoa jina lake, akatugawia maneno yaliyobaki kama sheria ya nchi. Kama alifanya hivyo kwa hila au kwa uvivu sijui. Nimemfahamu miaka kumi na mitano, na kwake sioni tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili. Wengine wetu hatuna hata sifa ya hila.

Nilinukuu pia tarehe. Hukumu ilitolewa tarehe 27 Mei. Kijitabu kinasema tarehe 17 Mei. Niliporudi ofisini nilizitoa zile hukumu tisa nikazipanga mezani. Zote tisa ziliandika tarehe 17.

Siku ya kikao Siméon alikuja mwenyewe na mfuko wake wa mbegu, maana alikataa katakata kuuacha utembee peke yake. Alikaa benchi la nyuma karibu na Pascasie, aliyekuwa amevaa kitenge cha kanisani. Jaji Liliane aliipokea hukumu, akaisoma bila kuinua kichwa, akarudi nyuma kurasa mbili, akasoma tena.

"Maître Bimenyimana," alisema, "aya ya kumi na nne ni maneno ya nani?"

"Ni maneno yaliyo katika hukumu ya rufani, Mheshimiwa Jaji."

"Sikuuliza yako wapi. Nimeuliza ni ya nani."

Bimenyimana alivuta joho. "Mheshimiwa, mahakama isingeyaandika kama hayakuwa na uzito. Yameandikwa au hayakuandikwa?"

"Hukumu ya mwizi nayo huandika kwamba mwizi amekana. Tumfungulie?"

Benchi la nyuma lilicheka. Bimenyimana alingoja liishe, kama mtu anayengoja mvua chini ya paa la jirani, kisha akanigeukia.

"Mheshimiwa, kuna hukumu tisa. Tisa! Kitu kilichofuatwa mara tisa kimekuwa msimamo, hata kama kilianza vibaya. Na moja kati ya hizo tisa iliombwa na nani? Na mdogo wangu huyu hapa. Alisimama mahali alipo leo, akaisoma aya hii, akashinda. Leo inamuuma, basi imekuwa uongo."

"Ni kweli, Maître Gisubizo?" jaji aliniuliza.

"Ni kweli."

"Wakati huo ulisoma hukumu nzima?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Ulisoma nini?"

"Fotokopi ya ukurasa mmoja, kutoka kijitabu cha Maître Bimenyimana."

Nilimpa jaji karatasi niliyoiandaa, yenye safu tisa. Sita kati ya zile hukumu zilinakili kijitabu, na tatu zilinakili zile sita. Hakuna hata moja iliyotaja aya ya kumi na tisa. Zote zilibeba tarehe 17 Mei, tarehe ambayo mahakama ya rufani haikutoa hukumu yoyote katika kesi hiyo.

"Hukumu hazikuwa tisa," nilisema. "Ni kosa moja limehesabiwa mara tisa. Hilo la kwangu liondolewe la kwanza."

"Sasa yeye ndiye atakayewafundisha majaji tisa?" Bimenyimana aliuliza dari.

"Hapana," alisema Jaji Liliane. "Yule mzee wa nyuma ndiye atakayewafundisha. Mzee Siméon, simama. Lile shamba unalo?"

"Ninalo."

"Tangu lini?"

"Tangu niliponunua. Sijaondoka hata siku moja, ila leo."

Bimenyimana aliketi. Hakuonekana kama mtu aliyeaibika, bali kama mtu aliyekatizwa akiwa mezani. Mashahidi wawili waliobaki wa mkataba wa Rugerero waliitwa, na wote wawili walisema mke wa Hitimana alimimina pombe. Mmoja aliongeza, bila kuulizwa, kwamba ilikuwa chachu.

Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata. Kiwanja ni cha Pascasie, na jina libadilishwe katika daftari la ardhi. Hirwa hakukata rufani. Nilisikia Bimenyimana alimwambia Hirwa kwamba jaji alikuwa mgumu.

Siku chache baadaye Pascasie alikuja ofisini na nakala yake, kurasa kumi na tatu, na beseni.

"Maître, nionyeshe. Wapi ni wao wanasema, na wapi ni juge anasema?"

Nilimchorea mstari mwekundu. Kutoka aya ya kwanza hadi ya kumi na saba, hoja za pande zote. Kutoka ya kumi na nane, mahakama.

"Na hii ya juu inanisaidia nini?"

"Haikusaidii kitu, Mama Denyse. Ni maneno ya mawakili."

"Na ya kwako imo?"

"Imo."

Alizirarua kurasa sita za mwanzo kwa unadhifu, akakunja zilizobaki akazitia ndani ya kitenge, kifuani. Kisha akachukua ukurasa mmoja kati ya zile za mawakili, akaufanya pembe, akaujaza sambaza zilizokaangwa, akaniwekea mezani. Katika miaka yangu ya kazi ni mara chache nimeona karatasi ya mahakama ikitumika kwa thamani yake halisi.

"Sasa nipatie kopi ingine," alisema. "Ile ya juge tu. Kutoka kwa mustari."

"Ya nini? Yako unayo."

"Si ya mi. Ni ya Kadiri, fundi wa mbao. Iko Birere, Goma, anapangaka chumba. Nilimuelezea hii mambo yote kwa soko."

Mashine ya fotokopi iko nyuma ya kiti changu. Nilizungusha kiti, nikaitia nakala yangu mwenyewe. Muda wa Kadiri kukata rufani uliisha zamani, na njia iliyobaki, ya kuomba kesi ifunguliwe upya, ni nyembamba. Yote hayo niliyajua kabla mashine haijatoa ukurasa wa kwanza. Nilijua pia kwamba asubuhi ile, nikipita sekretariati, kijitabu kilikuwa bado kinauzwa na ukurasa wa kumi na moja, ule wa aya ya kumi na nne, ukiwa palepale.

Pascasie alipokea karatasi, akahesabu saba, akahakikisha kila moja ina muhuri.

"Kadiri aliniuliza kitu," alisema. "Anasema ule Maître alimufukuza kwa nyumba alikuwa na jina kama ya we. Nikamuambia nitauliza. Ni we?"

"Ni mimi."

Alinitazama, kisha akaitazama ile pembe ya sambaza mezani, kana kwamba alikuwa akifikiria kuichukua. Akaiacha.

"Bon," alisema. "Basi hii karatasi sipeleke mi. Utapeleka we."

Akazirudisha zile kurasa saba juu ya meza, akajitwika beseni, akatoka. Mafuta ya sambaza yalikuwa yameanza kupenya kwenye karatasi, na maneno niliyoweza kuyasoma kupitia mafuta hayo yalikuwa yangu.